Usiifungue Kabisa

Kamba iliyolowa ina harufu yake, na mimi harufu hiyo siiwezi. Ni maji yaliyokaa mahali pamoja, ukungu, dizeli kidogo, na kitu kama soksi zilizosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki. Jumamosi iliyopita baba aliendesha gari zaidi ya saa tatu kutoka Columbus kuja hapa Louisville kunisaidia kubeba kitanda cha binti yangu Keza. Tulikuwa kwenye maegesho ya duka la vitu vya mitumba, karibu na ile bustani kubwa ya Iroquois, mvua inanyunya. Godoro lilikuwa tayari juu ya gari. Baba akafungua buti, akatoa kamba kuukuu, akanirushia ncha moja na kusema, "Shika huko." Nikaishika, nikaisikia ile harufu, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumrudishia ile kamba kwa kumtupia usoni, baba yangu mzazi, aliyeacha usingizi wake wa Jumamosi kwa ajili yangu.

Nyinyi mliokuwa wakalimani wa nyumba zenu kabla meno ya utotoni hayajaisha kung'oka, mtanielewa. Mliosoma barua za shule, mkapiga simu kampuni ya umeme kwa sauti ya kujifanya mama, mkamwambia daktari mahali panapomuuma baba na mkaona haya. Walitusifu sana. Walisema tuna akili. Mimi nilisifiwa Buffalo nzima, mji tuliofikia kwanza Marekani, na sifa hizo ndizo zilizotuponza.

Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, chumba cha baridi, na kila jioni mama alimkanda vidole kwa maji ya moto mpaka vikaanza kukunjika tena. Lakini baba hakuwa mtu wa nyama. Alipokuwa kijana alitoroka kambini, akaenda Ujiji, akakaa karibu miaka miwili kwa fundi mmoja wa mitumbwi akijifunza kutia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba na mafuta ili maji yasiingie. Mpaka leo ukimwamsha usingizini ukamwuliza kuhusu kalafati, atakueleza mpaka kuche. Polisi walimkamata na kumrudisha kambini, na hakugusa mtumbwi tena.

Sasa, kwenye kanisa lililotupokea kulikuwa na mzee mmoja wa kitongoji cha Kenmore. Nitamwita Dani. Alikuwa na karakana ya boti kando ya mfereji mkubwa unaotoka upande wa Buffalo kwenda mashariki. Mke wake alikuwa Mwingereza, na kwa sababu yake Dani alikuwa amejenga boti ndefu nyembamba ya mtindo wa kwao, yenye vitanda, jiko, mapazia ya maua, na birika la shaba linaloning'inia. Kila mwaka, miti inapoanza kuchipua na mfereji ukijazwa maji baada ya kukauka msimu wote wa baridi, walisafiri nayo siku tatu. Dani aliposikia kwamba baba anajua boti za mbao, alimshika mkono baada ya ibada na kuniambia nimwambie hivi: aje na familia kwenye safari ya mwaka huu, Dani amwone anavyofanya kazi, na wakirudi salama, Jumatatu aanze kazi karakanani.

Nilimtafsiria baba. Akaniuliza, "Amesema Jumatatu?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya pili nilipokuwa ninavua viatu, na mara ya tatu kupitia mlango wa choo. Majuma yaliyobaki kabla ya safari alichonga nyundo ya mbao ya kutilia kalafati, sebuleni, kwenye gazeti, huku mama akilalamika kwamba mabaki ya mbao yameingia hata kwenye ugali. Kiwandani aliaga kabisa. Alisema mtu hawezi kuanza kazi mpya huku mguu mmoja uko kwenye kazi ya zamani.

Kanisani kulikuwa na mwanafunzi wa chuo, Mrundi mtu mzima, aliyejua Kiswahili na Kiingereza vizuri kabisa. Mke wa Dani alipendekeza aje naye. Nilikuwa nimesimama palepale. Dani akacheka, akaniwekea mkono kichwani, akasema hakuna nafasi, na kwamba huyu msichana anatosha, Kiingereza chake ni kizuri ajabu. Nilivimba kichwa. Tulipofika kwenye boti siku ya safari niliwakuta mbwa wake wawili wamelala kwenye kitanda cha pembeni, kila mmoja na blanketi lake.

Sitaki kusema uongo, siku ya kwanza ilikuwa nzuri, na hilo nalo linanikasirisha. Mama alipouona mfereji alisimama ukingoni na pochi yake, akauliza kwa Kiswahili, "Tumevuka bahari kwa ndege kuja kupanda boti kwenye mtaro?" Kambini mfereji ulikuwa ni ule tuliochimba kuzunguka nyumba mvua isituingilie, kwa hiyo hata mimi nilidhani tutakwama. Hatukukwama. Boti ilikwenda polepole kiasi kwamba mtu aliyekuwa akitembea na mtoto wake ukingoni alitupita. Miti ilikuwa na majani madogo ya rangi ya ndimu. Mama bata na vifaranga wake walitufuata wakidai mkate. Mke wa Dani alipika chai ya maziwa kama ya kwetu, na mama akampenda hapohapo, wakawa wanashikana mikono na kucheka bila kuelewana neno. Na baba, mchana ule, Dani alimpa usukani. Baba aliipitisha boti ile ndefu chini ya daraja jembamba bila kugusa ukuta. Dani akapiga makofi. Sijawahi kumwona baba akijaribu hivyo kuficha tabasamu.

Jioni tulilala karibu na mahali ambapo mfereji unashuka kilima. Kuna vyumba vya maji, kimoja baada ya kingine, vyenye milango mikubwa mbele na nyuma: boti inaingia, milango inafungwa, maji yanapunguzwa, boti inashuka nayo, kisha mlango wa mbele unafunguliwa. Kwa Kiingereza chumba hicho kinaitwa lock, na mji wenyewe unaitwa Lockport. Mimi mkalimani hodari nikamwambia mama kwamba kesho tutapita Bandari ya Makufuli, tutafungiwa ndani, halafu tutafunguliwa. Mama hakulala vizuri. Hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba maneno yangu yana hatari.

Lakini mimi nilikuwa na siri yangu ya kitaaluma. Shuleni mwalimu alitufundisha kwa swichi ya taa: on ni kuwasha, off ni kuzima. Put on ni kuvaa, take off ni kuvua. Nikagundua peke yangu, bila kufundishwa, kwamba off ya Wazungu ndiyo ile ua ya kwetu, ile inayogeuza kitendo. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Funga, fungua. Nilifurahi kama niliyeokota ufunguo wa nyumba nzima. Nilikuwa ninaitumia kila mahali, na karibu kila mahali ilikubali.

Asubuhi tukaingia kwenye chumba cha kwanza. Kilikuwa kimejaa maji mpaka juu, na kutoka ukingo wa ukuta zilining'inia kamba, nene, nyeusi kwa utelezi, zinanuka. Dani alimweka baba mbele ya boti, akamkabidhi moja ya kamba hizo, kisha akaniinamia mimi. Alikuwa na haraka, kwa sababu ilibidi arudi nyuma kabisa kwenye usukani, na boti ilikuwa ndefu. Akasema, "Tell your dad: don't tie it off. Just hold it." Akakunja uso, akainua kidole: "Don't tie it off."

Tie ni kufunga. Off inageuza. Kwa hiyo tie off ni kufungua. Don't ni usi. Nilipiga hesabu hiyo haraka kuliko mnavyoisoma hapa, nikamwambia baba, "Anasema usiifungue. Uishike tu."

Baba akaitazama kamba mkononi. "Nisiifungue? Kwani imefungwa?"

Nikaudhika kidogo, kama mtoto anayejua anavyoudhika na mkubwa asiyejua. Nikasema, "Basi ifunge kwanza, ndiyo usiifungue. Kabisa." Hilo kabisa nililiongeza mimi mwenyewe, kwa sababu ya kile kidole cha Dani.

Baba alitazama ukuta, akatazama maji, akanitazama mimi. Nakumbuka alichelewa. Kisha akaizungusha kamba kwenye chuma cha mbele ya boti na kuifunga fundo la Ujiji, fundo la mtu anayejua anachofanya. Alinionyesha kwa fahari jinsi lisivyoteleza. Nyuma yetu milango ikafungwa, na maji yakaanza kushuka.

Mnaweza kuona wenyewe kilichofuata. Maji yalishuka, nyuma ya boti ikashuka nayo, mbele ikabaki imening'inia kwenye kamba. Kwanza birika la shaba liligonga ukuta mara moja tu, nikacheka. Halafu sahani zote zikateremka kwa pamoja. Mbwa wakalia. Mama akaniita jina langu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kambini. Dani alikuwa akipiga kelele kutoka nyuma, na mimi, mkalimani, sikuweza kufungua mdomo. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye fundo akilivuta kwa vidole vyake vya kiwanda cha nyama, lakini uzito wote wa boti ulikuwa umelikaza. Dani akaja akikimbia na kisu cha mkate, akaikata kamba. Mbele ya boti ikaanguka majini kwa kishindo, na ndani mke wake akaanguka nayo na kuvunjika mkono.

Baadaye tulisimama kwenye nyasi, gari la wagonjwa limekwisha kuondoka naye. Dani alikuwa mwekundu mpaka kwenye shingo. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi, akasema nimwambie baba yangu kwamba alimweleza waziwazi, mara mbili, na kwamba yeye hawezi kumwajiri mtu asiyesikia.

Nilitafsiri. Sentensi hiyo niliipata sawasawa, bila kukosea hata herufi. "Baba, anasema alikwambia mara mbili. Anasema wewe husikii. Hawezi kukupa kazi." Nilimwambia baba yangu kwamba hasikii, neno ambalo kwetu wanaambiwa watoto watundu, nikiwa nimesimama mbele ya mama, nina miaka kumi.

Baba akasema, "Mwambie samahani. Mwambie nimekosa mimi." Na hilo nalo nikalitafsiri.

Sasa sikilizeni ubaya wenyewe. Mimi niliamini. Nilijua nilichomwambia baba, niliamini ndicho Dani alichosema, kwa hiyo niliona kwamba baba ndiye aliyeharibu kwa kufunga fundo gumu mno. Nilimkasirikia mwaka mzima. Nilimwonea haya. Dani aliposimama kanisani majuma machache baadaye na kusimulia kisa cha lile fundo, kwa utani, na mke wake akainua bandeji yake kama anayesalimia, watu wakaangua kicheko, baba naye akacheka ili asibaki nyuma. Akaniinamia, akauliza, "Wanacheka nini?" Nikamwambia, "Mbwa."

Kiwandani walikuwa wamekwisha kumpa mtu mwingine nafasi yake. Miezi miwili baadaye tulihamia Columbus, kwa ndugu wa mama aliyesema maghala ya huko yanaajiri watu kila siku. Ile nyundo ya kalafati iliishia jikoni. Mama aliitwangia vitunguu saumu mpaka ikapasuka, na siku aliyoitupa baba aliitoa kwenye pipa, akaitazama, akairudisha.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipojua. Tulikuwa tunajaza maputo kwa sherehe ya shule. Mwalimu akampa mwenzangu puto lililojaa, akasema, "Tie it off," na yule msichana, bila kufikiri, akalifunga. Nilisimama pale na puto langu mkononi. Nikamwuliza, "Si alisema ufungue?" Akanitazama kama mjinga. Puto langu likanitoka, likazunguka darasa zima likitoa ule mlio wake wa aibu, watoto wakacheka sana, nami nikaenda chooni nikatapika.

Herufi moja tu. Usiifunge, usiifungue. Niliijua tangu siku hiyo na sikumwambia mtu. Sikumwambia baba, kwa sababu ningeanzaje? Yeye alikuwa anarudi kutoka ghalani akitembea kwa kujishika kiuno, na mimi nimwambie kwamba ni mimi niliyemweka humo?

Najua watu wa kanisani watasema nisamehe. Watasubiri. Bado nina hasira na Dani, na sitaki mnipoze. Mtu mzima, mwenye boti, mwenye mke anayempenda, anashika uhai wa watu watano na kazi ya mtu, anaviweka juu ya ulimi wa mtoto wa darasa la nne, kwa sababu kitanda kimoja kimelaliwa na mbwa. Halafu kikiharibika, mtu mzima mwingine ndiye asiyesikia. Nina hasira na wale wote walionisifu. Nina hasira na baba kwa ule upole wake, kwa lile nimekosa mimi. Na mimi mwenyewe nina hasira na yule mtoto mwenye kimbelembele na kabisa yake, ingawa nikimwona leo, mdogo hivyo, ningembeba.

Basi, Jumamosi iliyopita. Mvua, godoro, kamba. Kijana wa dukani akatoka kuona kama tunahitaji msaada. Alimtazama baba, mzee mweusi mwenye kofia ya sufu, hakumwambia neno. Akachuchumaa mbele ya Keza, mwenye miaka saba, akatabasamu na kusema kwa Kiingereza, "Hebu mwambie babu yako asiifunge kamba kwenye mlango wa gari."

Keza akavuta pumzi ili aseme. Niliona jinsi alivyonyanyua mabega, ule ufahari, ninaujua. Nikafungua mdomo kupiga kelele, lakini baba alinitangulia. Aliongea Kiingereza, kile chake cha ghalani, kizito, bila kupandisha sauti. "You tell me," alimwambia yule kijana. "She is a child. You tell me."

Kijana akasimama haraka, akaomba radhi, akamweleza baba mwenyewe, baba akaitikia kwa kichwa, kijana akarudi ndani. Mimi nilikuwa bado nimeshika ncha ya kamba.

"Baba," nikasema. "Kwenye ile boti."

Hakujifanya kutoelewa. Alikuwa anapitisha kamba chini ya godoro, na hakusimama. "Tie off ni kufunga," akasema.

"Umejua lini?"

"Mwaka wa kwanza Columbus. Msimamizi alinipa mkanda wa kufungia mzigo akaniambia hivyohivyo, akanionyesha kwa mikono. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama naumwa."

Mwaka wa kwanza. Kabla ya puto. Alijua kabla yangu, na miaka yote tulikaa meza moja, tukapitishiana chumvi, kila mtu na siri yake, na siri ni ileile. Hapo nikapiga kelele kweli, kwenye maegesho, watu wakageuka. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Nilimwuliza kwa nini hakumpigia Dani simu. Nilimwuliza kwa nini aliniacha nimwambie kwamba hasikii, na nikaendelea kuishi na neno hilo mdomoni.

Baba aliendelea kuvuta kamba chini ya godoro mpaka nilipomaliza. "Mwanangu," akasema, "ningempigia simu, nani angetafsiri?"

Keza alikuwa ameshika gauni langu. "Mama, are you mad?" akauliza.

"Ndiyo, nimekasirika," nikamwambia. "Sana. Si kwako."

Baba akazungusha kamba mara mbili kwenye chuma cha juu ya gari, akaivuta, akaijaribu kwa uzito wake, akanielekeza kwa kidevu upande wangu. "Haya," akasema. "Funga."

Nikafunga.